Usiku wa Jumatano au Jumatano usiku? Kisa cha safari ya Unguja hadi Toronto

Kwa nini nimekiandika

Kazi yangu ni kukata tiketi za ndege, na ofisi yetu iko Dar es Salaam. Kisa hiki kilimpata mteja wetu, na familia yake imeniruhusu nikieleze. Majina nimeyaondoa, na siku na dakika nimezisogeza kidogo, lakini hesabu zote zinabaki zilivyokuwa. Kampuni ya ndege siitaji kwa sababu haikuwa na kosa lolote. Makosa yalikuwa yetu, na sehemu kubwa ilikuwa yangu.

Anayekuja dukani kumsafirisha mzazi mbali mara nyingi huanza na swali moja: ni kilomita ngapi, na ni saa ngapi angani? Ni swali la haki. Katika kisa hiki lilijibiwa kwa usahihi wa kutosha, na bado mama wa miaka sabini na ushei akaachwa na ndege.

Usuli

Msafiri nitamwita Bi Mkubwa. Anaishi Unguja mjini, magoti yanamsumbua, anakunywa dawa za presha kila asubuhi, na alikuwa hajawahi kupanda ndege inayovuka bahari. Mwanawe anafanya kazi Toronto, Kanada. Viza ilikuwa imetoka, na mwana alitaka mama afike Julai, wakati wa joto, akae mpaka mwanzoni mwa Januari. Msimamizi wa safari upande wa huku alikuwa mjukuu, kijana wa chuo, mwepesi wa simu na mwenye mapenzi makubwa na bibi yake.

Mwana alikuwa amefanya hesabu zake kabla ya kunipigia. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Pearson, Toronto, ukivuta mstari mfupi kuliko yote juu ya mviringo wa dunia, ni takriban kilomita 12,830. Ndege kubwa za abiria hukata kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya, unapata saa 14 na robo. Akaniuliza, "Dada, ni kama saa kumi na nne hivi, siyo?" Nikamwambia hesabu ni sahihi, ila hakuna ndege inayopita njia hiyo moja kwa moja.

Mstari huo unatoka Dar kuelekea kaskazini-magharibi, unakata Kongo na Sahara, na katikati yake kabisa iko juu ya Moroko. Ukiutazama kwenye ramani ya ukutani utashangaa, kwa sababu karatasi imenyooshwa na dunia ni duara. Ndiyo maana kupitia Istanbul, ambako kwa macho ni kama kupanda juu mno, hakupotezi masafa mengi: Dar hadi Istanbul ni kilomita 5,460 hivi, Istanbul hadi Toronto 8,170 hivi, jumla kama 13,630. Ziada ni kilomita 800 tu. Kupitia Doha ziada inakaribia 1,900, kwa sababu unaanza kwa kwenda mashariki ilhali uendako ni magharibi.

Tulichoamua, na sababu zake

Tulichagua Istanbul. Masafa yalichangia, lakini kilichonivutia zaidi ni saa: Uturuki inakwenda na saa ya Tanzania mwaka mzima, kwa hiyo Bi Mkubwa akiwa katikati ya safari saa yake ya mkononi ingekuwa bado inasema kweli. Kwa mtu anayesafiri peke yake kwa mara ya kwanza, hilo ni jambo kubwa.

Tiketi ilikuwa moja, kwenda na kurudi, mizigo ikipokelewa Dar na kutolewa Toronto. Palikuwa na njia nyingine ya bei nafuu, tiketi mbili tofauti zilizounganishwa na mteja mwenyewe. Niliikataa. Ndege ya kwanza ikichelewa, mwenye tiketi ya pili hana deni nawe.

Kwenye kusubiri Istanbul tulikuwa na chaguo la saa 2 kasoro au saa 4 na robo. Mwana alitaka ile fupi ili mama asichoke kukaa. Nilimshawishi achukue ndefu. Uwanja ule ni mkubwa, na anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu hutegemea mhudumu afike kumchukua. Hawezi kukimbia akiona muda umebana. Kiti tulikiomba siku ileile ya kukata tiketi, kwa viwanja vyote vitatu.

Ratiba ikatoka hivi: Dar, Jumatano, 03:40. Istanbul, 10:55. Kuondoka Istanbul 15:10. Toronto, Jumatano, 18:55.

Mtego ulikuwa kwenye mistari hiyo, na sote tuliusoma tukapita.

Mambo yalivyokwenda

Jumapili nilimpigia mjukuu nikamsomea ratiba. Nakumbuka maneno yangu: "Ndege ni Jumatano, saa tisa na dakika arobaini usiku. Mfike uwanjani saa tatu kabla." Akarudia, nikamwambia ndiyo, tukaagana.

Jumatatu mjukuu akamwambia bibi yake kwamba safari ni Jumatano usiku. Bi Mkubwa akamuuliza: "Usiku wa Jumatano, au Jumatano usiku?" Kijana akajibu kwamba ni kitu kimoja. Bi Mkubwa akasema si kitu kimoja. Kijana akamwonyesha tiketi kwenye simu, palipoandikwa Jumatano, na mjadala ukaishia hapo. Haya nilisimuliwa baadaye, na naomba msomaji ayashike.

Jumanne jioni Bi Mkubwa alikuwa ameshafunga sanduku. Aliuliza tena kama kweli boti ni kesho. Akaambiwa ni kesho.

Toronto, Jumanne hiyohiyo, saa mbili kasoro robo usiku kwa saa za kule, mwana alituma ujumbe: "Safari njema mama, Mungu akufikishe salama." Unguja ilikuwa tayari Jumatano, saa nane na dakika arobaini na tano usiku, na nyumba nzima imelala. Saa moja asubuhi mjukuu akausoma, akauona ni dua ya mapema, akajibu: "Amin." Mwana alipoiona hiyo Amin aliichukulia ni ya kijana anayerudi kumsindikiza bibi.

Mwana alikuwa na programu ya kufuatilia ndege kwenye simu. Aliiona ndege inaruka Dar. Alilala, akaamka, akaona imetua Istanbul. Saa mbili asubuhi akiwa kazini aliiona ndege ya pili inanyanyuka kuelekea Kanada. Wakati huo Dar ni saa tisa alasiri, na mama yake alikuwa anashuka botini bandarini, mjukuu ameshika sanduku. Kutwa nzima mwana alikitazama kialama cha ndege kikisogea baharini akiamini mama yake yumo. Hakupiga simu, kwani aliye angani hapigiwi. Upande wa huku nao hawakumpigia, wakijua yuko kazini na wataongea wakifika uwanjani.

Walifika uwanjani Jumatano saa tano usiku. Dada wa kaunta alitazama tiketi, akatazama tarehe, akawaambia kwa upole kwamba ndege hiyo imeondoka usiku wa kuamkia leo.

Simu yangu iliita saa tano na nusu. Kitu cha kwanza nilichouliza ni kama Bi Mkubwa amekaa mahali pazuri. Cha pili, niliwaambia wampigie mwana mara moja, kwa sababu alikuwa anajiandaa kutoka kwenda Pearson. Walimpata saa kumi na moja jioni ya kule. Alichosema mwanzo ni: "Haiwezekani, naiona ndege." Ilibidi mama mwenyewe achukue simu.

Tulivyolirekebisha

Watu wengi hawajui kwamba, kwa kawaida, usipotokea kwenye kipande cha kwanza cha tiketi ya kwenda na kurudi, vipande vilivyobaki vyote hufutwa, pamoja na cha kurudi. Kwa hiyo tusingeweza kusema "tununue ya kwenda tu, ya kurudi ipo." Alhamisi asubuhi nilifungua upya tiketi ile kwa kulipa faini ya kutotokea na tofauti ya nauli. Kwa pamoja vilikaribia nusu ya bei ya awali. Ofisi yetu ilibeba sehemu yake, kwa sababu maneno yaliyowapoteza yalitoka kinywani mwangu. Mwana alikuwa amechukua likizo ya siku tatu kazini, nazo zikaisha kabla mama hajafika.

Nafasi ilipatikana Jumamosi, 03:40 ileile. Bi Mkubwa alibaki Dar kwa ndugu, Temeke. Safari hii niliandika karatasi kwa mkono, kwa Kiswahili, na sikutaja saa ya ndege mpaka mstari wa mwisho. Mstari wa kwanza ulisema: "Ijumaa, baada ya sala ya Isha, Bi Mkubwa anakula na kuvaa." Wa pili: "Ijumaa saa tano usiku, gari linatoka Temeke." Ndipo: "Ndege inaruka usiku wa kuamkia Jumamosi, saa kumi kasoro dakika ishirini." Nilimsomea yeye mwenyewe, si mjukuu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sasa umesema, mwanangu. Huo ndio usiku wa Jumamosi."

Aliondoka. Istanbul mhudumu wa kiti alichelewa kama dakika arobaini, na zile saa 4 na robo zikatosha bila mtu kupata presha. Toronto alitua Jumamosi jioni, akatoka nje baada ya uhamiaji na mizigo, na saa nne kasoro robo usiku alikuwa nyumbani kwa mwanawe.

Uchambuzi: hesabu iliyofichwa na majira

Nianze na mwana, ambaye hakukosea hata namba moja. Tazama tena ratiba: anaondoka Jumatano 03:40, anafika Jumatano 18:55. Ukitoa moja kwa nyingine unapata saa 15 na robo. Yeye alikuwa na saa 14 na robo kutoka kwenye kilomita zake. Akaona zinakaribiana, akaongeza saa moja ya kupanda na kutua, akaridhika. Alimwambia mama yake, "Ni saa kumi na tano tu, ukilala ukiamka umefika."

Ukweli ni kwamba Toronto wakati wa joto iko nyuma ya Dar kwa saa 7. Ile 18:55 ya kule ni 01:55 ya Alhamisi huku. Kutoka kuruka Dar hadi kutua Toronto ni saa 22 na robo: saa 18 angani na saa 4 na robo za kusubiri. Majira yalizimeza saa 7, na kwa bahati mbaya jibu likafanana na lile alilolitarajia. Tiketi ingekuwa na alama ya "siku inayofuata" pengine angeshtuka. Haikuwa nayo, kwa sababu aliyekwenda magharibi anakimbizana na jua.

Kosa hilo lilikuwa na madhara yake hata kabla ya ndege kuondoka. Kwa kuamini ni saa kumi na tano, Bi Mkubwa alikuwa ameweka dawa zake zote za presha kwenye sanduku la kukabidhi, akiwaza atakunywa kabla ya kutoka na tena akifika. Tulizihamishia kwenye mkoba wa mkononi ile Ijumaa, pamoja na karatasi ya daktari aliyempangia saa za kunywa. Ndani ya zile saa 18 alihitaji pia kunyanyuka na kunyoosha miguu, maana kukaa muda mrefu bila kujongea huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Mtu anayedhani safari ni fupi hujikaza, asiamke, asinywe maji ili asisumbue waliokaa kando yake.

Na hata saa 22 si safari yenyewe. Kutoka mlangoni Temeke hadi mlangoni kwa mwanawe zilipita saa 30 kasoro robo. Angetoka Unguja kama mpango wa kwanza ulivyopaswa kuwa, yaani aondoke nyumbani Jumanne saa nne asubuhi kuwahi boti ya mchana, zingekuwa saa 43 kasoro robo. Kilomita zinatoa 14. Nafikiri mzazi anastahili kuambiwa 43.

Uchambuzi: neno "usiku"

Kosa lililotugharimu ndege lilikuwa jingine, na limekaa ndani ya lugha yetu.

Tiketi inabadilisha siku saa sita usiku. Sisi kwa mazoea hatubadilishi siku hapo. Kwa mtu wa mjini wa leo, siku inaisha anapolala na kuanza anapoamka. Saa tisa usiku bado ni mkia wa jana. Mjukuu alipoona 03:40 aliigeuza vizuri kabisa kuwa saa tisa na dakika arobaini usiku. Alipokwisha kuigeuza, akairudisha kwenye siku anayoijua yeye: Jumatano mchana, kisha Jumatano jioni, kisha Jumatano usiku. Saa aliipata, siku ikampotea. Nimeliona kosa hili mara nyingi, na karibu kila mara ni kwa ndege zinazoruka kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi.

Bi Mkubwa anahesabu kwa namna ya wazee wa pwani. Siku inaanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi baada ya Magharibi, na tarawehe ya kwanza husaliwa kabla ya funga ya kwanza. Kwa hesabu hiyo usiku hutangulia mchana wake, na ndege ya 03:40 Jumatano imo ndani ya usiku wa Jumatano bila utata wowote. Swali lake la Jumatatu, "usiku wa Jumatano au Jumatano usiku", lilikuwa ndilo swali sahihi kuliko yote yaliyoulizwa katika safari nzima, pamoja na ya kilomita. Lilijibiwa kwa kuonyeshwa simu.

Mimi ningeweza kuliokoa kwa neno moja. "Usiku wa kuamkia Jumatano" kila Mswahili anaelewa. Redio na magazeti huitumia kila siku. Baadhi ya wenzangu husema "alfajiri ya Jumatano", na inasaidia, ingawa msali wa Unguja atakwambia kwamba saa kumi kasoro bado alfajiri haijaingia, na anaweza kuisogeza mbele akachelewa. Mimi naona "kuamkia" ni salama zaidi. Na salama kuliko hiyo ni kutaja siku ya kutoka nyumbani badala ya siku ya ndege.

Uchambuzi: kila mtu alijua, hakuna aliyeuliza

Programu ya kufuatilia ndege ilimpa mwana uhakika wa mahali ndege ilipo kwa kila dakika, na uhakika huo ndio ulionyamazisha simu. Angekuwa hajui kitu, angepiga Jumatano asubuhi kuuliza kama mama ameondoka salama, na yumkini tungegundua mapema. Ndege ingekuwa imeshaondoka, hilo lisingebadilika, lakini Bi Mkubwa asingepanda boti na kuketi uwanjani usiku na magoti yale. "Safari njema" na "Amin" zilifanana na mazungumzo, ilhali kila upande ulikuwa unaongea na siku yake.

Siku hizi naomba familia wakubaliane jambo moja kabla ya safari: msafiri akishapewa kadi ya kupandia ndege, anayemsindikiza anaipiga picha na kuituma kwa mpokeaji. Picha isipofika, mpokeaji anapiga simu, hata kama anaiona ndege inaruka.

Yaliyofanya kazi yalikuwa yale tuliyoyaamua mapema bila haraka: tiketi moja, kusubiri kwa muda mrefu, kiti cha magurudumu, na saa za Istanbul kufanana na za Dar. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotokana na umbali.

Kurudi

Januari Toronto ilikuwa imesharudisha saa nyuma, kwa hiyo tofauti na Dar ikawa saa 8 badala ya 7. Safari ya kurudi angani huwa fupi kidogo, kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki na kuisukuma ndege. Toronto hadi Istanbul ilipangiwa saa 9 na dakika 50, wakati wa kwenda kipande hichohicho kilikuwa saa 10 na dakika 45. Ila tarehe ndizo zilizotanuka: kuondoka Ijumaa 22:00, Istanbul Jumamosi 15:50, Dar Jumapili 02:15.

Nilimtumia mjukuu karatasi: "Jumamosi, panda boti ya mchana. Usiku huohuo wa kuamkia Jumapili, saa saba, uwe uwanjani." Akanijibu kwamba bibi ameshampigia kutoka Toronto kumweleza. Nikamuuliza alimwelezaje. Akaandika: "Kaniambia anafika usiku wa Jumapili, na nisithubutu kuja Jumapili usiku."

Alikuwapo uwanjani tangu saa sita.